Barua ya wazi kwa viongozi wa upinzani Kenya: leteni daftari

Waheshimiwa,

Mheshimiwa Kalonzo Musyoka, Mheshimiwa Martha Karua, Mheshimiwa Rigathi Gachagua, Mheshimiwa Eugene Wamalwa, Mheshimiwa Fred Matiang'i. Nawe Mzee Oburu Oginga pamoja na wenzako wa ODM, chama cha marehemu Raila Odinga, mlio na mguu mmoja serikalini na mwingine nje: nawasalimu kutoka Majengo, Mombasa.

Ninapoandika nina vitu viwili mezani. Kimoja ni kadi ya chama cha upinzani cha FORD ya marehemu babangu, ya mwaka wa 1992, iliyokunjika mara nne hadi maandishi yamefutika kwenye mikunjo. Cha pili ni daftari la shule, lile la kurasa 48, jalada lake limetapakaa mafuta ya mahamri. Nawaomba mnivumilie nieleze vyote viwili, maana ninalotaka kuwaomba limo humo.

Nianze na daftari. Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, kijana wa jirani yangu, fundi wa simu mwenye kibanda Mwembe Tayari, alitoka na wenzake kwenda Moi Avenue kuupinga Mswada wa Fedha. Alibeba chupa ya maji na bendera. Jioni alirudishwa kwa tuktuk. Mkebe wa gesi ya machozi ulikuwa umempiga kwenye kifundo cha mguu na mfupa umevunjika. Hospitali ilitaka shilingi 38,400 ndipo imruhusu kutoka. Mamake anafua nguo za watu.

Mwanamke mmoja wa mtaani petu, muuza mahamri, alilitoa daftari la mwanawe, akararua kurasa za hesabu za darasa la nne, akapiga mistari kwa rula: jina, kiasi, sahihi. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ninalisoma sasa hivi. Kuna waliotoa 50, kuna waliotoa 200, kuna dereva wa matatu aliyetoa 1,000 kwa awamu mbili na awamu zote mbili zina tarehe. Bibi mmoja asiyejua kuandika ametia dole gumba. Muuza mkaa hakuwa na pesa, akaleta gunia zima likauzwa, na mstari wake unasema "gunia 1, limeuzwa 1,800". Zilipatikana 41,650. Ukurasa wa mwisho una stakabadhi ya hospitali iliyobandikwa kwa uji wa ngano, na chini yake pameandikwa: "Baki 3,250. Amepewa mama ya dawa na nauli ya kliniki." Sahihi tatu.

Siku ya nne akaja bwana mmoja, mratibu wa chama kimoja cha upinzani. Chama sitakitaja. Alimvisha kijana kofia ya chama, akampiga picha kitandani, akachukua nambari ya simu ya mamake na kusema bili ataishughulikia. Hajarudi hadi leo. Baada ya wiki mbili tulimsikia redioni akieleza jinsi chama chake kilivyowasimamia majeruhi wa Pwani. Mama muuza mahamri alikuwa anakanda unga. Akaacha kukanda, akanitazama, akauliza: kama kuna pesa zilizotolewa kwa mguu wa mtoto huyu, zimeandikwa wapi?

Waheshimiwa, hilo ndilo swali la barua hii.

Mwaka ule wa 2024 vijana walikataa kuwa na kiongozi. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana mkubwa. Wengi wenu mlilichukulia jambo hilo kuwa utoto, au fasheni ya mitandao, na nimewasikia mkisema kwamba mapambano yasiyo na kiongozi hayafiki mbali. Mimi naona vijana wale walikuwa wametoa hukumu, na waliohukumiwa ni nyinyi. Wao wenyewe walichanga mtandaoni zaidi ya shilingi milioni 30 kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, kisha hesabu ya matumizi ikatolewa hadharani. Walitaka pesa iwe na mstari na jina, kama ilivyo kwenye daftari la Majengo. Kwenu walijua hawatalipata hilo. Walijuaje, ilhali wengi wao walizaliwa baada ya mwaka 2000? Waliambiwa na wazazi wao. Mimi pia niliambiwa na wangu.

Sasa kadi. Babangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. FORD iliposajiliwa mwishoni mwa 1991, yeye na rafiki yake, mzee wa kutoka Murang'a aliyekuwa na karakana ya baiskeli, walikwenda pamoja kuchukua kadi, siku moja, foleni moja. Watoto wetu hawafahamu ilivyokuwa mtu kunyanyua vidole viwili, alama ya vyama vingi, barabarani. Mwaka mmoja kabla, Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wametiwa kizuizini kwa kuitisha mkutano wa Kamukunji, na watu wakapigwa risasi siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai. Waliokianzisha chama Agosti 1991 walikuwa sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz, ambaye alikuwa wetu wa Mombasa, na babangu hakuacha kumtaja. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU ya Rais Moi kuwa chama pekee halali, kilifutwa Desemba ile, KANU ikawa chama kama vyama vingine. Kwa miezi michache nchi nzima ilikuwa upande mmoja.

Halafu zikaja nyumba mbili. Agip House kulikuwa na watu wa Jaramogi, Muthithi House kulikuwa na watu wa Matiba. Waligombania nani awe mgombea, na achaguliwe vipi: na wajumbe kwenye mkutano mkuu, au na kila mwanachama mwenye kadi. Kufikia Oktoba 1992 kulikuwa na FORD-Kenya na FORD-Asili, na Mwai Kibaki alikuwa tayari na chama chake cha DP. Huku Mombasa vijana wa IPK, chama cha Waislamu, walikuwa mitaani wakipambana na polisi kwa sababu chama chao kilinyimwa usajili. Na Nairobi wakati huohuo, akina mama waliogoma kula Uhuru Park mwezi wa Februari wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, walikuwa bado wamejihifadhi kwenye kanisa la All Saints. Nikiwaza mwaka ule, nawaona mama wale wamelala sakafuni kanisani, na mitaa michache kutoka hapo mawakili wenye suti wanabishana ni nani aketi kwenye kiti cha mbele.

Babangu alibaki Agip House, rafiki yake akaenda Muthithi House. Karakana ile ya baiskeli ndiyo iliyokuwa baraza lao la kahawa kila jioni. Babangu akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hawakusemezana kwa miaka mitatu.

Kura zilipigwa tarehe 29 Desemba. Moi alipata kama asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisheni wenyewe hao watatu. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walitaka KANU iondoke, na KANU ikabaki kwa miaka kumi mingine. Kura ziliibwa pia, wilaya kadhaa zilichomwa moto na watu wakafukuzwa makwao kabla ya uchaguzi, hayo hayasahauliki. Lakini hesabu ile ingeshinda wizi na moto.

Kisha ikaja ile iliyomvunja babangu kabisa. Mwaka wa 1993 kashfa ya Goldenberg ilifichuka. Serikali ilikuwa imelipa ruzuku ya mabilioni kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, katika nchi isiyo hata na mgodi wa almasi. Wabunge wa FORD-Kenya walikuwa miongoni mwa walioipigia kelele bungeni. Kumbe mwaka huohuo Jaramogi mwenyewe, kiongozi rasmi wa upinzani, alikuwa amepokea shilingi milioni mbili kutoka kwa Kamlesh Pattni, mwenye Goldenberg. Alikiri, akasema ulikuwa mchango wa shughuli za chama. Chama kikapasuka tena, Paul Muite na wenzake wakajitoa. Sikumbushi haya ili kumvunjia heshima marehemu. Mzee yule alitoa ujana wake na uzee wake, alifungwa na kuzuiliwa nyumbani kwake na marais wawili. Nakumbusha kwa sababu hata mtu wa namna ile, chama chake kilipokosa daftari la wazi, aliweza kununuliwa chakula na mwizi aliyekuwa anamsaka.

Babangu alisoma habari ile gazetini, akaikunja kadi mara nne, akaitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na hati za nyumba. Alisema maneno manne tu: "Kumbe bei yetu hiyo." Hakuitupa. Mimi ndiye niliyeikuta alipofariki.

Ya baadaye mnayajua, wengine wenu mlikuwemo. Mkataba wa maelewano wa Oktoba 2002 kati ya Kibaki na Raila ulivunjwa wino haujakauka, na waliokuwa wamelaani Goldenberg wakatuletea kashfa ya kandarasi hewa za Anglo Leasing. Mwaka wa 2008, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa katika vurugu za baada ya uchaguzi, mkagawana mkate nusu kwa nusu, baraza la mawaziri likafika 40 hivi. Mheshimiwa Kalonzo, nasema hili kwa adabu zote: mwezi wa Januari mwaka ule, nyumba zikiungua Eldoret na Kisumu, wewe uliyekuwa wa tatu kwenye kura ulikubali umakamu wa rais. Umeeleza mara nyingi kwamba uliinusuru nchi. Huenda. Lakini hadi leo hatujasoma mlikubaliana nini, na wewe leo unatutaka tukuamini kwenye meza nyingine.

Ulikuwepo tena 2023. Azimio, muungano wenu wa upinzani, iliita watu barabarani kuanzia Machi kwa sababu ya bei ya unga. Masufuria yalivaliwa vichwani, watu kadhaa wakapigwa risasi wakafa. Yakaja mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na upinzani, wewe na Kimani Ichung'wah wa upande wa serikali mkiwa wenyeviti wenza. Ripoti ilipotoka Novemba, ilipendekeza ofisi ya kiongozi rasmi wa upinzani na wadhifa wa Mkuu wa Mawaziri uwekwe kisheria. Kuhusu gharama ya maisha, jambo lililowatoa watu nyumbani, hamkuafikiana. Mheshimiwa Karua, uliikataa ripoti ile kwa sababu hiyohiyo, na kwa hilo nakupa heshima yako.

Basi ikaja Juni 2024. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu waliouawa kufikia 60. Mswada uliondolewa siku iliyofuata uvamizi wa Bunge, na tarehe 11 Julai baraza la mawaziri likavunjwa. Hakuna chama chochote kilicholeta matokeo hayo. Yaliletwa na watoto wenye simu na chupa za maji. Na tarehe 24 Julai yakasomwa majina ya wakuu wa ODM: John Mbadi kwenye hazina, Opiyo Wandayi kwenye kawi, Hassan Joho wetu wa Pwani kwenye madini, Wycliffe Oparanya kwenye ushirika. Mzee Oburu, hesabu siku. Kutoka Juni 25 hadi siku ile ni siku 29. Arubaini ya waliouawa haikuwa imefika. Kuna nyumba huku kwetu hazijasoma hitima, na tayari viti vilivyoachwa wazi kwa damu yao vimekaliwa.

Mwezi wa Machi 2025 mkataba kati ya Raila na Rais Ruto ukatiwa sahihi pale KICC, wenye ahadi kumi, mojawapo fidia kwa waathiriwa. Raila ametangulia mbele ya haki Oktoba 2025, na mimi niliyepulizwa gesi kwenye mikutano yake kwa miaka mingi nililia kama wengine. Sasa wenzake mnavutana kuhusu nani mrithi, nani abaki serikalini, nani atoke. Katika mvutano huo sijasikia hata mmoja akizitaja zile familia kwa majina.

Mheshimiwa Gachagua, na wewe nina neno. Tarehe 25 Juni ulikuwa Naibu wa Rais. Kesho yake ulihutubia wanahabari hapa hapa Mombasa, ukamlaumu mkuu wa ujasusi, na sisi mtaani tulisikiliza kwa hamu. Lakini ulibaki kwenye kiti hadi Seneti ilipokuondoa Oktoba. Wewe ndiwe uliyetuambia serikali ni kampuni ya hisa. Na Julai 2022 Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 zako zitaifishwe. Ulikana, ukakata rufaa, na ulipokwisha kuingia madarakani shirika lililokushtaki likaacha kuipigania kesi. Hatuwezi kukufungia mlango wa upinzani, nchi ni ya wote. Tunachotaka kujua ni hisa za safari hii zimegawanywaje.

Najua mtakachojibu: kwamba serikali ndiyo yenye bunduki na hazina, kwamba ndiyo inayokodi wahuni wa pikipiki kuvamia waandamanaji, kwamba barua kama hii ingeandikiwa Ikulu. Ikulu nitaiandikia, na nimeshaandamana mbele ya milango yake. Mtu aliyemfyatulia risasi kijana wa miaka 19 ana kesi ya kujibu na hiyo haipunguzwi na lolote nililosema hapa. Lakini polisi hawajawahi kutumaliza. Waliua 1990 na bado watu wakajaa Kamukunji Januari 1992. Waliua 2024, na tarehe 25 Juni na Saba Saba ya 2025 watu wakatoka tena, wakauawa tena. Kilichotumaliza kila mara ni chumba kidogo chenye mlango uliofungwa, na watu wetu wenyewe ndani yake.

Kwa hiyo naomba mambo yasiyohitaji sheria mpya. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 tayari inavitaka vyama vichapishe magazetini vyanzo vya fedha zao na matumizi yao, ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha. Chapisheni, na msichapishe kwa namna ya kuficha, jumla tatu kubwa kwenye kona ya ukurasa wa matangazo ya minada. Tuambieni nani analipia helikopta. Helikopta moja ikitua uwanja wa shule kijijini kwa saa moja, gharama yake ingelipa bili ya mguu wa kijana wetu na ya wenzake kadhaa. Yule anayeilipia anataka nini mkishinda? Pesa za mabunda mnazopeleka kanisani, msikitini na matangani zinatoka akaunti gani? Ile Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013 iliyofungiwa kabatini na wabunge wa pande zote mbili, wabunge wenu wakiwemo, waambieni waitoe.

Pili, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama mtasimamisha mgombea mmoja, tuambieni sasa mtampataje, na nani atahesabu, na atakayeshindwa ameahidiwa nini. Andikeni mkataba wenu mmoja tu, wenye kurasa zote, na uwekwe mahali ambapo mtu wa Lodwar na wa Lamu ataweza kuusoma kwa Kiswahili. Ugomvi wa Agip House na Muthithi House ulikuwa juu ya jambo hili hili, na ulianza kwa sababu kila mmoja alidhani litajipa lenyewe baadaye. Ninapowasikia wasemaji wenu wakirushiana maneno kuhusu ngome ya nani ina kura milioni ngapi, namsikia babangu na rafiki yake.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu. Wekeni sahihi, kila mmoja kwa jina lake, kwamba watu wakitoka barabarani tena na wakauawa, hakuna atakayepokea kiti cha serikali ile kabla ya waliouawa kupata haki zao mahakamani. Asiyeweza kuweka sahihi hiyo aseme tu. Tutamwelewa, na hatutamfuata.

Uwanja wa Tononoka uko wazi siku za Jumapili alasiri. Njooni, pamoja au mmoja mmoja, bila kofia za kugawa na bila vijana wa kulipwa kushangilia. Njooni na vitabu vyenu vya hesabu. Mama muuza mahamri amekubali kuja na daftari lake, na yuko tayari kuwasomea mstari kwa mstari, kuanzia ile 50 ya kwanza hadi ile 3,250 iliyobaki. Kijana naye atakuja. Bado anachechemea kidogo, lakini amefungua kibanda chake.

Rafiki ya babangu yuko hai. Ana miaka 84, bado anakaa nyuma ya karakana ambayo sasa inaendeshwa na mjukuu wake. Nilipomwonyesha kadi hii wiki iliyopita aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka na yake. Ameniambia siku hiyo nimpitie, twende pamoja.

Wenu,
Mwana wa kuli,
Majengo, Mombasa